Kibarua bila barua: mbona hupewi hati ya mshahara?



Nianze na neno tunalolitumia kila siku hapa Mombasa: kibarua. "Niko kibaruani." "Kijana amepata kibarua bandarini." Neno lenyewe maana yake ni barua ndogo. Karne ya 19, hapa kwetu na kule Unguja, mtu wa kutwa alipewa kikaratasi cha kazi ya siku ile, na kwa kikaratasi hicho ndipo alipolipwa. Wengine wao walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na hata hao walishika karatasi mkononi. Leo mtu yuauza leso Biashara Street mwaka wa nane huu, na hana hata kikaratasi cha kufungia njugu kinachosema alipwa ngapi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 20, yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi taarifa ya mshahara kwa maandishi, wakati wa kumlipa au kabla yake. Ndiyo hiyo wengi twaiita peislipu. Ndani yake lazima uone mshahara wote kabla ya makato, kila kilichokatwa na kimekatwa kwa ajili ya nini, na kama umelipwa nusu benki nusu mkononi, kila nusu ni ngapi. Kuambiwa kwa mdomo "tushakukatia" hakutoshi.

Sasa utaniuliza: karatasi yanifaa nini, na pesa nimeshazishika? Haya, tupige hesabu. Chukua mtu aliyeandikwa kwa shilingi 20,000. NSSF ni asilimia 6, yaani 1,200. Bima ya afya ya SHA ni asilimia 2.75, yaani 550. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani 300. Jumla 2,050, na mkononi zabaki 17,950. Lakini mwajiri naye ana fungu lake: 1,200 nyingine za NSSF na 300 nyingine za nyumba, na hizo zatoka mfukoni mwake, si mwako. Ukipewa bahasha ina 16,450, ujue amekubebesha mzigo wake. Bila hati utajuaje? Utahesabu noti, utashukuru, utakwenda zako Marikiti.

Na hilo ni jepesi. Zito ni pale unapokatwa na pesa zisifike. Wampeleka mtoto hospitali, waambiwa michango haionekani. Au watimiza miaka 60, wafuata NSSF, wakuta miezi kadhaa tu katika miaka 20 ya kusimama nyuma ya meza ya duka. Wakati huo mwenye duka huenda ameshatangulia mbele ya haki, na wanawe wasema hawakujui. Hati zako za kila mwezi ndizo zingekusemea.

Najua kinachotuzuia, hasa sisi wa Mji wa Kale. Mwajiri si mtu baki. Ni mjomba, ni jirani wa Kibokoni, ndiye aliyesimamia harusi yako. Utamdai vipi karatasi? Nami naona hapo ndipo penye haja zaidi, kwa sababu kwa mtu baki utakwenda mahakamani, kwa mjomba utanyamaza na kinyongo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo Surat al-Baqara, inahusu kuandikiana deni, na mshahara wa kazi iliyokwisha kufanywa ni deni. Mwajiri mwema pia humfaa: kesi ikija na hana rekodi wala mkataba wa maandishi, sheria yamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini.

Niseme ukweli lakini, nisije nikawadanganya. Kifungu hicho cha 20 hakiwahusu vibarua wa kutwa, wala wanaolipwa kwa kipande au kwa kazi, wala walioajiriwa kwa muda usiozidi miezi sita. Hapo ndipo baadhi ya waajiri hujificha: mtu afanya kazi miaka, kila siku aitwa "wa kutwa". Soma kifungu cha 37. Kibarua akifanya kazi mfululizo, siku zake zikafika mwezi mmoja, sheria humhesabu kuwa mfanyakazi wa mwezi. Akiendelea miezi miwili tangu aanze, astahili masharti ambayo angepata kama hangeanza kama kibarua. Jina analokuita bosi halibadilishi hesabu ya siku.

Basi fanya hivi. Omba kwa adabu, tena kwa ujumbe wa simu ili ombi libaki: "Bosi, naomba hati ya mshahara wa mwezi huu." Jumbe za M-Pesa za mshahara usizifute. Nunua daftari, andika tarehe uliyoanza kazi, kila ulicholipwa na siku ulizokwenda. Nenda NSSF uitishe taarifa ya akaunti yako; piga *147# uangalie ya SHA. Ukiona mapengo, ofisi ya leba hupokea malalamiko, na hapa Mombasa tuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kulalamika si sababu halali ya kukufukuza, madhali lalamiko lina msingi. Akikufukuza kwa hilo, mahakama yaweza kukupa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

Ila muda una mpaka. Madai mengi ya kazi yana miaka 3, na yale ya dhara lililokuwa likiendelea mwezi baada ya mwezi ni miezi 12 tu tangu likome. Kwa hivyo yule ndugu yako aliyeachishwa kazi juzi juzi, mtumie ujumbe huu leo, asingoje hadi baada ya Idi.