Robo Saa ya Tanganyika: Jaribio Lililofeli Lisomwe Kabla ya Kurudiwa



Kuna fundisho lililoenea kwa watengeneza programu wetu wa Dar es Salaam, kuanzia Kijitonyama hadi Mbagala: jaribio likifeli, endesha tena, likipita, songa mbele. Wanaolitetea husema umeme hukatika, mtandao huyumba, na muda ni mali. Nazungumzia majaribio ambayo seva huyaendesha kila msimbo wa programu unapobadilishwa. Nimekuja kulipinga fundisho hilo.

Nililiona likifanya kazi Mbagala, kwa vijana waliokuwa wakitengeneza programu ya kusajili wagonjwa. Jaribio moja lilikuwa likifeli, likirudiwa linapita, na hakuna aliyegusa msimbo. Wiki kadhaa walirudia tu. Niliomba tuisome taarifa ya kufeli mstari kwa mstari. Ilisema: ilitarajiwa 1 Januari 1950, imepatikana 31 Desemba 1949. Umeme ukikatika haubadilishi tarehe ya mtu kuzaliwa.

Jibu lilikuwa katika orodha ya kanda za saa iliyoanzishwa na Arthur David Olson na kutunzwa na Paul Eggert, ambayo kompyuta nyingi duniani huitegemea. Naipenda orodha hii kama mwanahistoria apendavyo nyaraka. Humo, tangu 1948 hadi 1961, Dar es Salaam iliitangulia saa ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 45, ndipo zikawa saa 3 kamili, yaani robo saa zaidi. Mwaka 2014 watunzaji waliiunganisha Dar es Salaam na Nairobi, ambayo orodha inaipa saa 3 tangu 1942. Historia yetu ikahamishiwa faili la pembeni liitwalo backzone, na kila anayeifungasha orodha huamua kulitia au kuliacha.

Seva ya vijana iligawa kazi kwa kompyuta mbili: moja ilikuwa na ile robo saa, nyingine haikuwa nayo. Tarehe ya mfano, 1 Januari 1950, ilihifadhiwa pamoja na saa yake, saa sita kamili usiku, kwa hesabu ya saa 3. Ikisomwa kwa hesabu ya zamani, inakuwa saa sita kasorobo, bado jana yake. Kurudia hakukuponya kitu; kulilipeleka tu jaribio kwenye kompyuta ya pili.

Nakubali, mtandao hukatika kweli, na kurudia kunaweza kuwa kipimo, mradi ubadilishe jambo moja tu na uliandike. Lakini matokeo ya pili yasifute taarifa ya kwanza. Jaribio linalofeli mara moja kati ya kumi lina sababu kamili, sawa na linalofeli mara zote kumi. Ni sisi tu hatujaifikia.

Vijana wale sasa wanahifadhi tarehe ya kuzaliwa bila saa. Bibi aliyezaliwa Temeke mwaka 1950 ataandikwa siku yake, kompyuta iwe ipi.