Hotuba Juu ya Mashine ya Kufyekea Nyasi Isiyokata Vema



Tumeombwa tuseme nanyi juu ya mashine ya kufyekea nyasi ifungwayo nyuma ya trekta, ambayo madereva huiita slasha. Mashine hii hutumika katika mashamba ya mkonge, katika viwanja vikubwa, na katika mikorosho ya Mtwara na Lindi. Ninyi mwajua ya kwamba korosho huokotwa zikiisha kuanguka chini. Basi shamba lisilofyekwa vema kabla ya mavuno, korosho zake hupotea majanini, waokotaji hawaoni nyoka alipolala, na moto ukipita huunguza miti iliyotunzwa miaka mingi. Mwenye shamba aliyelipa fedha kwa kila ekari, kisha akaachiwa nyasi zilizolazwa tu, amepata hasara mara mbili.

Mashine ikikata vibaya, desturi ya watu wengi ni kulaumu giaboksi, au kwenda dukani kununua visu vipya. Sisi twasema, ngojeni kwanza. Mara nyingi ubaya u katika mambo madogo yasiyohitaji fedha.

Lakini kabla mtu hajainama kutazama chini ya mashine, hapana budi injini izimwe, ufunguo utolewe, na visu vingojewe mpaka visimame kabisa. Maana huendelea kuzunguka kitambo baada ya injini kunyamaza. Kisha mashine iliyoinuliwa itegemezwe kwa magogo imara. Mikono ya trekta huinuliwa kwa nguvu ya mafuta, na mpira ukipasuka mashine huanguka kwa ghafula. Mtu asiyekubali kutafuta magogo, na asitazame.

Jambo la kwanza ni mwendo wa shafti inayotoka nyuma ya trekta. Mashine nyingi za namna hii zimetengenezwa zizungushwe na shafti ipigayo mizunguko 540 kwa dakika, na trekta nyingi zina alama katika saa ya injini ya kuonyesha mwendo huo. Panga la mkono hukata kwa ukali wake na kwa nguvu ya mkono. Kisu cha slasha hukata hasa kwa kasi. Katika mashine nyingi ncha ya kisu hupita kilomita 200 kwa saa, na kwa sababu hiyo jiwe likirushwa laweza kumwua mtu aliye mbali. Watoto wafukuzwe shambani kabla ya kazi.

Sasa yuko dereva apunguzaye mafuta ili aokoe dizeli. Shafti ikishuka kutoka 540 hata 400, kasi ya visu imepungua kwa robo nzima, navyo badala ya kukata husukuma majani na kuyalaza. Dereva huyo haokoi kitu, maana atarudi kufyeka palepale. Akitaka kwenda polepole, na abadili gia iwe ndogo, injini ibaki katika mwendo wake. Katika nyasi za kadiri trekta iende kama mtu atembeaye kwa haraka; katika matete mazito iende polepole zaidi, na yafaa kukata mara mbili, kwanza juu, kisha chini. Nyasi zenye umande ziachwe mpaka jua lizikaushe.

Jambo la pili ni visu. Visu vya slasha havikukazwa vikawa kitu kimoja na chuma kinachovishika, bali huning'inia katika bolti ili viweze kurudi nyuma vikigonga kisiki. Yafaa vicheze kwa mkono. Kamba au waya ukijisokota hapo, kisu hakinyooki, na upande mmoja hukata huku wa pili ukipiga hewa tu. Tazameni pia kama makali yanatangulia katika njia ya kuzunguka. Tumeona visu vilivyofungwa kinyume, na mwenyewe akashangaa mbona vipya havishindi vya zamani. Katika kunoa, mshazari wa kiwandani ufuatwe, wala makali yasifanywe membamba kama wembe, maana yatavunjika kwa jiwe la kwanza. Visu vinolewe vyote, na vibadilishwe kwa jozi, viwe na uzito sawa. Kimoja kikiwa kizito mashine yote hutetemeka na kuharibu beringi. Kisu kilichopindika kisinyoshwe kwa moto. Ni cha kutupwa.

Jambo la tatu ni ulalo wa mashine. Iwekeni mahali tambarare, mpime kwa rula. Kushoto na kulia pawe sawa. Pasipo hivyo shamba hubaki kama ngazi. Mbele pawe chini kuliko nyuma kwa sentimita 1 au 2, ili nyasi zikatwe mara moja na kutoka. Nyuma pakiwa chini, visu husaga tena yaliyokwisha katwa na kulemea injini. Kufupisha mkono wa juu wa trekta huinua nyuma ya mashine. Majani yaliyogandamana chini ya bati yakwanguliwe.

Tukisema juu ya mistari isiyokatwa: ikiwa ni katika nyayo za tairi tu, nyasi zimelazwa, nanyi mzikate kutoka upande wa pili. Ikiwa ni pembeni, ncha za visu zimelika.

Mashine nyingine zina klachi ya kuteleza, nyingine zina bolti laini iliyowekwa makusudi ikatike. Klachi iliyochakaa hunuka moto na visu hulegea. Iliyokaa mvuani masika yote hugandana kwa kutu, isiteleze inapohitajiwa. Ama bolti, wako watu watiao bolti ngumu mahali pake wakijiona werevu. Kisiki kikigongwa bolti husalimika, na meno ya giaboksi huvunjika.

Baada ya hayo, fyekeni hatua hamsini, simameni, mkatazame. Ikiwa bado haikati, ndipo mafuta ya giaboksi yapimwe na fundi aitwe, naye aambiwe yote yaliyokwisha kutazamwa, asije akaanza upya kwa gharama ya mwenye mashine.