Leseni ya Biashara katika Nchi ya Jirani

(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati imetutaka sisi wa afisi ya uandishi tuseme machache juu ya jambo lililozusha maneno mengi mwaka huu, yaani wanachama wetu wanaovuka mpaka wa Namanga na wa Taveta kwenda kufanya biashara Tanzania. Jambo hili haliwahusu wavukao peke yao. Mfuko wa Chama ni jasho la wote, na katika maombi ya mkopo yaliyoko mezani yamo yanayotaja maduka ya Arusha na Moshi.

Husemwa sana kwamba Afrika Mashariki ni moja, na kwa hiyo Mkenya aweza kufungua duka popote. Neno hilo lina msingi wake. Mkataba wa Soko la Pamoja ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na kifungu chake cha 13 chataja haki ya raia wa nchi moja ya Jumuiya kwenda kuanzisha shughuli zake katika nchi nyingine. Lakini yatupasa kujua kwamba afisa wa leseni aliyeketi mezani pake hufuata sheria ya nchi yake. Huko Tanzania sheria hiyo ni ile ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, nayo huweza kuongezewa amri na Waziri.

Mwezi wa Julai 2025 amri ya namna hiyo ilitolewa. Ilitaja biashara 15 ambazo asiye raia hawezi kupewa leseni yake. Miongoni mwake ni uuzaji wa jumla na rejareja, isipokuwa supamaketi na vituo maalum vya jumla, utumaji wa pesa kwa simu, ufundi wa simu na vyombo vya umeme, saluni, ila iliyo ndani ya hoteli au kwa ajili ya watalii, udalali, uongozaji wa watalii, ununuzi wa mazao shambani, na viwanda vidogo. Mtazame orodha hiyo vema, Wazee wetu. Karibu kila kazi ambayo vijana wetu huijua imo. Mwenye leseni halali aliachiwa aendelee mpaka muda wake uishe. Serikali yetu iliipinga amri hiyo kwa kuutaja Mkataba, nasi twaona ilikuwa na haki ya kuipinga. Hata hivyo, duka lililofungwa halifunguliwi na barua za Mawaziri kwa siku moja.

Wala tusijifanye wageni wa mambo haya. Sheria yetu wenyewe ya Leseni za Biashara ya mwaka 1967 iliwazuia wasio raia kuuza bidhaa fulani na kufanya biashara nje ya sehemu zilizotengwa. Wazee waliomo humu wanakumbuka Wahindi waliofunga maduka yao na kwenda Uingereza.

Sasa twafikia neno tulilotumwa khasa kulisema. Wako wanaoshauri kwamba duka liandikwe kwa jina la rafiki Mtanzania, na fedha ziwe za Mkenya. Njia hii yaonekana nyepesi kwa kuwa leseni hupatikana upesi. Lakini mbele ya sheria, mwenye leseni ndiye mwenye duka. Siku mtakapokosana, hati zote zina jina lake: nambari ya mlipa kodi, mkataba wa nyumba, na leseni yenyewe. Mwenye fedha atakwenda baraza gani kudai, naye akisema kweli anakiri kuvunja amri? Adhabu ya asiye raia iliwekwa kuwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 za Tanzania au kifungo kisichozidi miezi 6, pamoja na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Raia amsaidiaye naye ana adhabu yake, ya shilingi milioni 5 au miezi 3. Kwa hiyo twamtia rafiki yetu hatarini vilevile.

Kwa biashara zisizokatazwa, mgeni huandikisha jina au kampuni kwa BRELA, hupata nambari ya mlipa kodi kwa TRA, kibali cha kazi, na kibali cha ukaazi cha daraja A, ambacho ni cha wenye mitaji. Leseni za kundi A hutolewa na BRELA. Za kundi B hutolewa na Halmashauri. Mkenya huingia Tanzania bila viza, lakini ruhusa hiyo ni ya matembezi. Haimpi mtu haki ya kuketi dukani.

Aliye na mtaji mdogo anayo njia nyingine: kumwuzia mwenye duka raia wa huko, naye aingize mali kwa jina lake. Bidhaa za nchi za Jumuiya zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, hupewa hati nyepesi ya asili mpakani na hazitozwi ushuru wa forodha. Faida yake ni ndogo, twakiri, lakini mali huwa ya mwenyewe mpaka ilipwe.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaomba Mkutano huu ukubali kwamba mkopo wowote wa biashara ya nje usitolewe mpaka mwombaji alete leseni, au barua ya afisi ya leseni, yenye jina lake mwenyewe. Maombi matatu yaliyobaki yarudishwe kwa wenyewe wiki hii, ili wapate nafasi ya kuyaandika upya kabla ya kikao kijacho cha Kamati.