Karata Dhaifu: Wakati wa Kuzitupa na Wakati wa Kuzishika

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, jioni ya Jumamosi)



Tumeombwa na kamati tuseme machache juu ya mchezo wa karata uitwao poka, na hasa juu ya jambo moja: yampasa mtu kufanya nini akigawiwa karata dhaifu. Sababu ya kuombwa wengi waijua. Mwenzetu mmoja, ambaye yumo humu ukumbini na ametupa ruhusa kueleza habari yake pasipo kumtaja jina, alikwenda kucheza mahali kwa fedha, akarudi kwake na nusu tu ya mshahara wa mwezi. Watu walisema, maskini, alipata karata mbaya. Sisi tulimwomba atutajie karata alizoshika, naye akatutajia kwa uaminifu, tukaona kuwa sivyo. Karata zake hazikuwa mbaya kabisa. Zilikuwa na uzuri kidogo, na uzuri ule kidogo ndio uliomponza.

Kwanza tuueleze mchezo kwa ajili ya wasioujua. Poka tunayoisema ni ile ya Texas, huko Marekani. Bunge la Texas katika mwaka 2007 liliutambua mji wa Robstown kuwa ndiko ilikozaliwa. Karata ni zilezile 52 tuzijuazo, za kopa, uru, shupaza na pau. Kila mchezaji hugawiwa mbili za siri. Baada ya duru ya kwanza ya madau hufunuliwa tatu mezani, ambazo ni za wote. Wamarekani huziita flopu, nasi tutaziita tatu za mezani. Kisha hufunuliwa ya nne, kisha ya tano, na baada ya kila mara watu huweka dau, au hufuata dau la mwingine, au hupandisha, au hutupa karata zao wakajitoa. Watu wawili walio kushoto kwa mgawaji hulazimika kuweka dau kabla ya kuona kitu, mmoja dogo, wa pili kubwa.

Basi, mabwana, tuanze kabla ya tatu za mezani. Karata mbili za kwanza zaweza kuja kwa namna 1,326. Jozi huja mara 1 katika 17 tu, na ree mbili huja mara 1 katika 221. Maana yake ni kwamba kugawiwa karata dhaifu si bahati mbaya, bali ndiyo hali ya kila siku. Anayeudhika kila apatapo karata dhaifu ataudhika usiku kucha, na mwenye hasira hahesabu vizuri. Wachezaji hodari mezani penye watu tisa hutupa karata nyingi kuliko wanazocheza, wala hakuna awaitaye waoga. Wahenga walikwisha kusema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Saba na mbili zisizo za rangi moja ndizo zihesabiwazo kuwa mbaya kupita zote. Lakini hizo hazimfilisi mtu, kwa kuwa kila mtu huzitupa mara moja. Zinazofilisi ni zile zinazovutia macho: ree na nne, mfalme na sita, au mbili ndogo za rangi moja. Mtu huona rangi moja akafurahi. Lakini karata mbili za rangi moja hukamilisha rangi katika tatu za mezani mara 1 tu katika 119 hivi. Na karata mbili zisizo jozi, ziwe kubwa au ndogo, hukosa kupata mwenzi mezani karibu mara 2 katika 3.

Je, karata dhaifu zisichezwe kamwe? Hatusemi hivyo. Ziko nyakati tatu zifaazo. Ya kwanza ni unapokuwa wa mwisho kusema, maana umekwisha kuona wengine wote walivyofanya, na waliobaki mbele yako ni wachache. Ya pili ni unapokuwa umelipa dau kubwa la lazima. Tuseme umeweka kunde 2, mwenye dau dogo ameweka 1 akajitoa, na mtu mmoja amepandisha hadi 5. Fungu lina 8, nawe waombwa kuongeza 3. Ukishinda mara 3 katika 11 hupati hasara. Kwa bei hiyo hata karata za wastani zaweza kufuata. Ya tatu ni jozi ndogo, kama tano mbili, ikiwa bei ni nafuu na mwenzako ana mali nyingi mezani. Tano ya tatu itafunuliwa karibu mara 1 katika 8 au 9. Isipokuja, tupa bila majuto.

Jambo moja ni baya karibu siku zote, nalo ni kufuata dau la lazima tu, kwa unyonge, huku hujui kama nyuma yako kuna atakayepandisha. Mwaka 2019 wataalamu wa Marekani walitengeneza mashine ya hesabu iitwayo Pluribus, iliyowashinda wachezaji hodari katika meza ya watu sita. Mashine ile ilijifunza kwa kucheza na nafsi yake, nayo ikaona lile walilokwisha kuona wanadamu: isipokuwa kwa mwenye dau dogo la lazima, kuingia kwa kufuata tu si njia nzuri. Karata ikistahili kuchezwa, pandisha, isipostahili, itupe.

Sasa tuje baada ya tatu za mezani, na hapa turudi kwa mwenzetu. Alikuwa wa kwanza kusema, akashika ree ya pau na nne ya uru, akafuata. Mtu nyuma yake akapandisha, akafuata tena, kwa kuwa, asema, “ree ni ree.” Mezani zikafunuliwa ree ya kopa, tisa ya shupaza na sita ya pau. Moyo wake ukajaa furaha. Akaweka dau, mwenziwe akapandisha, naye akaendelea kufuata mpaka mwisho. Mwenziwe alikuwa na ree na mfalme. Katika karata 45 zisizojulikana, ni nne tatu tu zilizoweza kumpa ushindi. Asingalipata ree ile mezani angalipoteza kidogo. Kwa kuwa aliipata, alipoteza nusu ya mshahara. Hilo ndilo tulilokuja kulisema: karata dhaifu isiyopata kitu hukugharimu senti, bali karata dhaifu iliyopata nusu hukugharimu shilingi.

Kwa hiyo yakupasa kujiuliza umo katika hali gani kati ya tatu. Kama hukupata kitu, acha iende bila dau, na ukitishwa, tupa. Kama umepata jozi ya wastani, au jozi kubwa yenye mwenzi mdogo kama huyu wetu, taka fungu liwe dogo: lipa dau moja, ukipandishiwa kwa nguvu jitoe. Kama unangoja, kwa mfano una kopa nne wahitaji ya tano, hesabu. Kopa zilizobaki ni 9 katika karata 47, yaani karibu mara 1 katika 5 kwa karata moja ijayo, na karibu mara 35 katika 100 ukiziona zote mbili. Fungu likiwa 100 na mwenzako akaweka 50, walipa 50 ili upate 150. Yapasa ushinde mara 1 katika 4. Kwa karata moja haitoshi, ila kama wajua atakulipa zaidi kopa ikija.

Na kutisha kwa uongo, je? Kuna nafasi yake, lakini nako kuna bei. Ukiweka nusu ya fungu bila kitu mkononi, yapasa wakimbie mara 1 katika 3 ili usipate hasara. Afadhali utishe ukiwa na kopa nne kuliko kutisha ukiwa mtupu, maana wasipokimbia bado waweza kushinda. Wala usimtishe mtu asiyejua kutupa karata.

Twajua mtu atauliza habari za Doyle Brunson. Ni kweli kwamba katika mashindano makubwa ya Las Vegas alishinda mwaka 1976 na tena mwaka 1977, na mara zote mbili karata zake za mwisho zilikuwa kumi na mbili, ambazo leo huitwa kwa jina lake. Lakini mwaka 1976 mwenzake alikuwa mbele yake kwa ree na ghulamu, mpaka mbili na kumi zilipofunuliwa mwisho. Dunia yakumbuka kumi na mbili zile kwa kuwa zilishinda. Zile ambazo watu wengine walizishika zikawaangamiza, hakuna aliyezipa jina.

Sisi tulio makarani na walimu na waganga twajua kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Basi mwenzetu huyu ameanza kuandika katika daftari kila karata aliyoingia nayo, na alikaa wapi, na ilimgharimu nini; na sasa hucheza nasi kwa kunde. Majuma haya mawili ametushinda wote. Mwisho wa mwezi mshahara umefika kwake mzima, na mkewe ametuletea salamu.

Tumekwisha, mabwana na mabibi.  Mwenye swali na aulize.