Mchubuko wa nyasi bandia

Mchubuko wa nyasi bandia hutokea mchezaji anapoteleza: msuguano hukwangua ngozi na joto lake huiunguza papo hapo. Wachezaji wengi waliulalamikia katika Kombe la Dunia la Wanawake la 2015 nchini Kanada, lililochezwa lote juu ya nyasi hizo. Kongo nayo inazo, kwa mfano kwenye uwanja wa klabu ya TP Mazembe, Lubumbashi. Lakini huko Gety, kusini mwa mji wa Bunia, vijana hucheza kwenye udongo. Kidonda hakitofautiani sana, ila udongo waweza kubeba vijidudu vya pepopunda, na hilo si jambo la kupuuzwa.

Kidonda huoshwa mara moja kwa maji safi yanayotiririka na sabuni hadi mchanga au chembe za mpira za nyasi bandia zitoke, hata kikiuma. Kisha hupakwa vaselini na kufunikwa kwa bandeji safi, inayobadilishwa kila siku. Kukipaka majivu hakufai kabisa. Soksi ndefu na suruali ya kubana hukinga ngozi, na taulo haiazimwi ili vijidudu visienee. Usaha, homa, wekundu unaosambaa, au chanjo ya pepopunda iliyopitwa na wakati: mchezaji apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.