Nani Tutamwita Mgeni? Historia ya Katanga na Dunia ya Leo

Hotuba ya mwalimu wa historia mbele ya familia za wakimbizi wa ndani, wachifu na viongozi wa mitaa, Lubumbashi



Mmeniomba niseme juu ya hali ya dunia ya leo. Mwanahistoria si nabii, hajui ya kesho. Lakini anajua njia tuliyopita, na anaweza kuonyesha mahali tulipojikwaa.

Mambo ya dunia si mageni kwetu. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba. Urani ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilitumiwa katika bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Mwaka 1961 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, alikufa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, akiwa njiani kuzungumza na Moïse Tshombe juu ya vita vya Katanga. Leo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, kwa ajili ya betri za simu na magari. Basi tusiseme hayo ni mambo ya wakubwa wa mbali. Yanapita chini ya miguu yetu.

Bei inapangwa mbali, ugomvi unakuwa hapa

Kuanzia miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière iliwaleta watu wa Kasai kufanya kazi migodini. Wengine walikuja na reli. Walizaa hapa, wakazika hapa. Kampuni ilitoa posho, nyumba, shule na hospitali, hata watu wakasema: kampuni ni baba na mama.

Katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba ilianguka. Katika miaka ya 1980 Gécamines bado ilitoa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Mwaka 1994 tani hazikufika 50,000. Baba na mama alikuwa mgonjwa.

Ndipo wanasiasa wakatafuta wa kulaumiwa. Watu wa Kasai wakaitwa bilulu, yaani wadudu. Mwaka 1992 huko Likasi, kisha 1993 huko Kolwezi, walifukuzwa katika nyumba zao. Maelfu walilala kwenye vituo vya reli wakingoja treni kwa majuma mengi. Watoto na wazee walikufa hapo.

Ndugu zangu, aliyefukuzwa hakushusha bei ya shaba. Hakubomoa mgodi. Na alipoondoka, kampuni haikupona. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango ulioitwa wa hiari, wengi wakidai mishahara ya miezi mingi. Wahenga walisema: vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Hatari ya leo

Mwezi wa kwanza 2025 waasi wa M23 walichukua Goma, mwezi wa pili wakachukua Bukavu. Tarehe 27 Juni 2025 Kongo na Rwanda zilitia sahihi mapatano huko Washington. Mwaka huohuo Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID. Tunaona basi wakubwa wakizungumza juu ya amani na madini, huku msaada wa familia iliyokimbia ukipungua.

Chakula kikipungua, maneno ya zamani yanarudi. Mwenyeji anasema wakimbizi wamepandisha kodi ya nyumba. Mkimbizi anasema wenyeji wanafurahia shida yake. Hapo ndipo tulipojikwaa mwaka 1992.

Nawakumbusha kwamba mwaka 1961, wakati wa vita vya Katanga, makumi ya maelfu ya Baluba walikimbia mitaa ya mji huuhuu wakaishi kambini, chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Labda mwenyeji anayelalamika leo ni mtoto wa kambi ile. Nani kati yetu hana mkimbizi katika ukoo wake?

Tufanye nini?

Bei ya kobalti hatuiwezi. Lakini mambo matatu tunayaweza.

La kwanza, kiongozi akisikia watu wakiitwa wadudu au magonjwa, ajibu siku ileile, mbele ya watu. Katika historia panga halitangulii. Linatanguliwa na jina baya.

La pili, mambo ya maji, kiwanja na nafasi sokoni yapangwe katika kikao kimoja, wenyeji na wakimbizi pamoja, wamama wakiwemo. Mkikutana mbalimbali, kila upande utajaza hofu mahali pa habari.

La tatu, andikeni. Andikeni jina la kijiji, mipaka ya shamba, majirani mlioishi nao vizuri, na wafu wenu. Mwaka 1965 watu waliokuwa wameajiriwa katika nyumba za Wazungu waliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili. Hawakungoja profesa. Siku ya kurudi, karatasi hiyo itawasaidia kudai shamba bila kushika silaha. Na kama hamtarudi, watoto watajua walikotoka bila kufundishwa chuki.

Mapatano ya wakubwa tuyaombee. Lakini haya matatu hayangoji sahihi ya mtu yeyote. Leo jioni, mtakapofika mtaani, mwanzeni na jirani mmoja.