Kikombe Chekundu Mlangoni pa Ghala

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Plateau



Tunawashukuru kwa kuacha kazi za shamba mkaja. Tunajua huu ni wakati wa kuvuna, na mvua bado haijaamua kama inaenda au inabaki. Hatutawachelewesha. Leo hatukuja na habari za mikopo wala za ng'ombe wa maziwa. Tumekuja na habari ya kitu kidogo kuliko kifungo cha shati.

Msimu uliopita tuliitwa na kikundi kimoja cha akina mama upande huu wetu. Walikuwa na ghala la pamoja, na ndani yake magunia ya kila mwanachama. Asubuhi moja mweka hazina alienda kufungua, akaona kwenye ubao wa chini, pale maji ya mabati yanapodondokea, vidoadoa vyekundu vinang'aa. Mmoja akasema ni damu. Mwingine akasema, hapa tumetegewa kitu. Kufikia saa sita mchana jina la mama mmoja mjane, ambaye alijitoa kikundini baada ya ugomvi wa pesa, lilikuwa linapita mdomo kwa mdomo. Tulipofika hakuna aliyetaka kugusa mlango.

Basi tulifanya nini? Tulipiga magoti tukaangalia. Kisha tukawaomba akina mama nao waangalie. Havikuwa matone. Vilikuwa visahani, kama vikombe vya kuchezea watoto, vyekundu kwa ndani, na ukingoni vina vinywele vyeusi kama kope za jicho. Mama mmoja akasema, "Kumbe kina kope!" Watu wakacheka, na hofu ikaanza kushuka.

Ndugu zetu, huo ni uyoga. Ni uyoga mdogo wa aina ya kikombe, ambao wataalamu huuita Scutellinia. Unapatikana sehemu nyingi za dunia, na mara nyingi haufiki upana wa sentimita moja. Unapenda mti uliooza na wenye maji. Hauna mkono wa mtu ndani yake. Mbegu zake ni ndogo kuliko vumbi, hurushwa kutoka kwenye kikombe na kupelekwa na upepo. Zikiangukia mahali pakavu, hazioti. Zikiangukia ubao uliolowa, zinatoa nyuzi nyembamba zinazoingia ndani ya mti na kuula polepole. Kile kikombe unachokiona ni kama tunda tu. Mwili wenyewe umo ndani ya ubao.

Kwa hiyo kile kikombe kilikuwa kinawaambia jambo moja: hapa pana maji, na pamekuwa na maji kwa muda mrefu. Tukawauliza, je, upande wa ndani wa ukuta huu kuna nini? Kimya. Tukafungua. Magunia yalikuwa yamewekwa chini kwenye sakafu, yakiegemea ukuta ule ule. Tulipotia mkono, mahindi yalikuwa na joto. Magunia matatu yalikuwa yameshika kuvu ya rangi ya kijani na manjano.

Hapo ndipo penye hatari, si pale mlangoni. Kuvu iko ya aina nyingi. Ile inayoumua mkate wetu ni kuvu. Dawa ya penisilini, iliyogunduliwa mwaka 1928, ilitoka kwa kuvu. Lakini kuna ile inayoota kwenye mahindi yenye unyevu na kutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii hupiga ini. Mwaka 2004, upande wa Ukambani, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Hao walikuwa wakulima kama sisi, wakila mahindi yao wenyewe.

Tena tusidanganyane. Kupika hakuondoi sumu hii. Kuosha hakutoshi. Kusaga ni kuichanganya tu na unga mzuri. Mwingine atasema, basi tumpe ng'ombe, au tutengeneze busaa. Ng'ombe akila, sumu inaweza kupita kwenye maziwa, na maziwa anakunywa mtoto. Busaa anakunywa baba wa huyo mtoto. Hata mahindi yanayoonekana masafi kwa macho yanaweza kuwa na sumu, ndiyo maana kazi kubwa ni kukausha mapema.

Sasa tufanye nini? Haya ndiyo tuliyokubaliana na wale akina mama.

Kwanza, anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo. Mvua ikitisha, funika au ingiza ndani.

Pili, pima kabla ya kuweka. Bodi ya Nafaka hutaka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kama hamna kipimo, tumieni chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi iliyokaushwa vizuri, ongeza mahindi kidogo, ufunge na kutikisa. Iache itulie robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Rudi juani.

Tatu, panga magunia juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta. Hewa ipite.

Nne, rekebisha paa na mfereji wa maji. Ubao uliooza utolewe.

Tano, punje zilizooza zichambuliwe na kutupwa mbali na mifugo. Inauma, tunajua. Wale akina mama walilia kwa magunia matatu. Lakini waliyatupa.

Neno moja kuhusu msitu. Msije mkatoka hapa mkaanza kukwangua kila uyoga. Ukiuona kwenye gogo lililoanguka kule Kaptagat, uache. Pale uko kazini kwake, unarudisha mti kuwa udongo, na udongo huo ndio unaotunza maji ya vijito vyetu. Wala watoto wasionje uyoga wasioujua, hata kama unapendeza.

Bado kulikuwa na jambo moja. Ubao ulibadilishwa siku ile ile, lakini jina la yule mjane lilikuwa limeshatajwa. Neno likitoka halirudi kama ubao unavyong'olewa. Mwenyekiti, bila sisi kumwambia, alichukua wenzake wawili wakaenda kwake jioni. Walimweleza yote yaliyosemwa, na nani alisema, wakaomba msamaha. Hatukuwepo. Tunachojua ni kwamba hakurudi kikundini mara moja. Alirudi baada ya Pasaka, na leo ndiye anayeshika chupa ya chumvi.

Kabla hatujaonana tena, kila kikundi kichague watu wawili wazunguke ghala, nje na ndani, wapige magoti na kuangalia chini. Mtuletee mliyoyaona. Na mkiona kitu msichokielewa, ulizeni kwanza ni nini kabla ya kuuliza ni nani.

Mungu awabariki, na mavuno yenu yawe salama.